Maelezo ya Mstari wa Kumi na Tisa

Bwana Mkaguzi,
katika orodha ya mali za ofisi,
chini ya viti vinne, kimoja kibovu,
niliandika: Kata, 1.
Ukazungushia wino mwekundu,
pembeni ukauliza:
Kata nzima ni mali ya ofisi? Fafanua.

Nafafanua.

Si kata hii ya vijiji vitano na mihuri miwili,
inayoanzia mtoni na kuishia pale ukungu unapoamua.
Hiyo waliikata watu wa ramani kabla sijazaliwa.
Shamba la mjomba likabaki na magugu upande wetu,
mahindi ng'ambo,
na mpaka leo hajui amlalamikie diwani yupi.

Ni kibuyu.
Kina shingo ndefu, kina ufa
nilioushona kwa uzi wa katani.
Kinaning'inia juu ya pipa la maji, nyuma ya mlango.
Baba alikichagua kikiwa kichanga shambani,
akakifunga kamba ili kirefuke,
akakikausha darini, moshini, msimu mzima.
Baba, Mzee Kiyeyeu, mgema wa ulanzi.
Alikata mianzi alfajiri, akairudia jioni,
kipande chembamba kama ukucha wa mtoto.
"Ukikata sana umeua. Usipokata haulii."
Usiku mbeta zilijaa huko bondeni,
nami kitandani nikihesabu matone nisiyoyasikia.

Bi. Riziki wa masjala, mzaliwa wa Pangani,
anasema kwao kata ni kifuu cha nazi chenye mpini,
na kata tena ni lile duara la majani
analojitwika mwanamke kabla ya mzigo.
Sisi huku twaliita ngata.
Basi hata hiyo naijua, nikamwambia.
Mwaka wa kujenga shule ya kata
kila kaya ilidaiwa matofali mia mbili.
Niliyabeba sita sita, ngata ya mgomba
ikinichuruzikia maji mgongoni,
kisha nikasoma mle mle nilimoinua ukuta,
fizikia bila mwalimu,
mpaka matokeo yakaja.
Wenzangu wakakata tamaa.
Mimi nikakata nywele, nikaja kuomba kazi hapa.

Bi. Riziki anashikilia kwamba kisu kilitangulia:
kibuyu hukatwa ubavu kikawa kata,
nchi hukatwa ubavu ikawa kata.
Na ngata je? nikamuuliza.
Duara halina pa kuanzia kukatwa.
Akanyamaza, akagonga muhuri
kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Machi, mvua ya siku ya nne, dada alipiga.
"Baba anasema uje na—"
Simu ikakata.
Nikapiga. Nikapiga.
Umeme nao ukakata.
Nikakata shauri, nikakata kona ya kanisani kwa miguu,
tope likininyang'anya kiatu cha kushoto,
na nilipofika walikuwa wamekwisha kumfunika.
Nije na nini? Dada hakumbuki.
Labda hakumalizia.
Jioni hiyo hakuna aliyeingia bondeni.
Mianzi ilijifunga vidonda yenyewe.

Kwa hiyo, Bwana Mkaguzi, kuhusu safu ya Thamani,
niliiacha wazi.
Safu ya Chanzo niliandika "msaada,"
kwa kuwa fomu haina pa kuandika mengine.
Safu ya Matumizi: wageni.
Nawe ulikitumia, siku ile uliyofika
na vumbi la barabara ya Kidabaga kooni.
Ulichota, ukanywa, ukachota tena,
ukaniuliza kwa nini maji ya huku yana harufu ya moshi.

Ukiagiza kifutwe, nitatii.
Nitachukua rula, nitakata mstari
juu ya neno. Kibuyu nitakiacha
pale pale msumarini.

Wako mtiifu,
Ezelina Kiyeyeu, karani,
k.n.y. Mtendaji wa Kata.